Jiwe la Bibi Mlangoni pa Duka Lako

Kijiji cha Nangwa,
S.L.P. 41,
Katesh, Hanang.
15 Agosti 2018

Mpendwa mwanangu Vicent,

Marahaba. Shikamoo yako haijanifikia tangu Pasaka, lakini naiitikia hivyohivyo, usije ukasema shangazi ana kinyongo. Habari za Arusha? Mkeo Angela na watoto hawajambo? Kifua chako kimepona? Sisi tupo. Mahindi tumevuna, maharage yalikauka yangali maua.

Nimekupigia mara sita hupokei, ndiyo maana barua hii namkabidhi Theodory, dereva wa basi. Anarudi kesho, mpe jibu.

Leticia, mke wa mdogo wako Joseph, bado amelazwa. Majipu ya matiti yamemzidi, hawezi kunyonyesha. Mtoto, yule tuliyempa jina lako, ana wiki tano. Maziwa ya ng'ombe yanamharisha, na nesi ameagiza apewe maziwa ya kopo. Kwa sasa Katesh nzima yanapatikana dukani kwako tu.

Jumatatu bibi yako Sara alitoka hapa alfajiri kwa miguu. Alikuta duka halijafunguliwa, akaweka jiwe lake mlangoni kushika zamu, kama tulivyofanya enzi za duka la kijiji na foleni za sukari. Wewe hukuziona siku zile. Vitu vilikuwa haba kweli, lakini jiwe la mtu halikurukwa, hata mwenyekiti alipanga lake. Nyuma ya bibi wakaja akina mama wawili wa Endasak, nao wakaweka ya kwao.

Duka likafunguliwa. Makopo manne yalikuwa kwenye rafu, kila moja limebandikwa karatasi yenye jina. Sebastiani, muuzaji wako mgeni, akamwambia, "Bibi, haya yana wenyewe. Wameagiza kwenye grupu la simu tangu jana." Wenyewe walifika saa nne na pikipiki zao, wakayaruka mawe wakaingia.

Nilimuuliza bibi kwa nini hakusema yeye ni nani. Akanikazia macho. "Nipite mbele ya wenzangu kwa jina la mjukuu? Sasa mimi na wale wa pikipiki tutatofautiana nini?"

Mimi sina moyo wake, Vicent. Nimekasirika, na naogopa. Jana kliniki wamempima mtoto, amepungua robo kilo. Tunampa maziwa ya ng'ombe wa jirani tuliyoyazimua kwa maji, nayo yanapita tu.

Sikukatazi kuuza kwa simu, biashara ni yako. Ila sisi wenye simu za vitochi hilo grupu lako tunalisikia tu. Mzigo ukifika, nusu iwe ya grupu na nusu iwe ya mlangoni. Na kopo moja la mtoto naliomba leo, kwa huo mzigo tunaosikia unashuka, kabla ya hayo yote, bila aibu yoyote. Mpigie Sebastiani usomapo hapa, barua utaimalizia baadaye.

Joseph anakusalimu, na Leticia pia kutoka kitandani. Nisalimie Angela na mwanao Nicodemo, mwambie asome. Mungu akufungulie riziki, na moyo pia.

Bibi hakuacha salamu. Ameondoka tena alfajiri hii kwenda Katesh. Anasema jiwe lake liko palepale na zamu yake haijapita. Mwambie Sebastiani asilifagie.

Nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Shangazi yako,
Ludovika