Maji Yasiyoonekana Pajani

Msangeni, Jumatano

Leo tena. Nikiwa mbele ya darasa la kisomo cha watu wazima nimehisi maji baridi yakitiririka pajani. Nikapapasa suruali, kavu kabisa.

"Mwalimu, mwanangu," akasema Mzee Elifuraha kutoka nyuma, "kama ni haja ndogo, nenda tu. Hapa sote ni watu wazima."

Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka. Marehemu baba alianza kwa ganzi ya mguu, kisha akapooza.

Baada ya kipindi nikaenda zahanati. Mganga akanibonyeza paja, akatazama kiuno changu.

"Mkanda huu ulinunua lini?"

"Nilipooa."

"Basi mkanda ni uleule, Mwalimu. Tumbo ndilo geni. Unabana mshipa wa fahamu. Ulegeze, utapona taratibu."

Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi. Mke wangu Nakijwa nikamweleza yote ya mkanda. La tumbo nililiruka.

Jioni akaniletea makande, nusu sahani. Nikamuuliza mengine yako wapi.

"Ulipokuwa unaoga, mganga alipita hapa kunisalimia," akasema, akaendelea kula.