Msingi wa Banda la Mama Prisca

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo: Polisi Kihonda, Morogoro
Tarehe: 14 Agosti 1995, saa 3:20 asubuhi
Jina: Hatibu Mwinjuma
Umri: Miaka 47
Kabila: Mzigua
Dini: Mwislamu
Kazi: Fundi ujenzi
Makazi: Kihonda

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimezaliwa Handeni na hapa Kihonda nimeishi tangu mwaka 1976, nilipokuja kufanya kazi kiwandani kama fundi mitambo. Mwaka 1993 kiwanda kilifungwa kikingoja mnunuzi, tukapunguzwa wote. Tangu hapo najenga vyoo, vibanda, mabanda ya kuku, chochote ninachoitiwa. Kazi ya kulipua, ya juu juu ilimradi iishe, siijui. Sisemi hivyo kwa kujisifu, afande. Tabia hiyo ndiyo iliyonileta hapa.

Namfahamu Theresia Kasimiri, ambaye majirani tunamwita Mama Prisca. Ni Mluguru wa kule milimani na anauza mboga Msamvu. Mumewe, Agustino, yuko Kilombero kwenye miwa tangu mwezi wa sita. Kutoka kwangu hadi kwake kuna nyumba mbili katikati. Nilijua kuwa ni mjamzito, mtaa mzima ulijua.

Mnamo tarehe 9 Agosti, siku ya Jumatano, saa kumi na moja jioni, Mama Prisca alikuja kwangu. Tumbo halikuwepo. Nilidhani amejifungua, nikataka kumpa hongera, lakini nilipomtazama usoni nikaona ninyamaze. Alisema anataka banda la kuku nyuma ya nyumba yake, na mbwa wasiweze kuingia kabisa. Hilo nililielewa upesi. Kiwanda kilipofungwa walinzi waliondoka, mbwa wao wakabaki bila wa kuwalisha, na sasa wanazurura mitaani wakifukua kila mahali. Kuku wa watu wengi wameisha.

Tulikwenda kwake akanionyesha mahali. Palikuwa kwenye kona, karibu na migomba, pameinama na maji ya mvua hupita hapo hapo. Palikuwa pamefunikwa mawe na matawi ya miiba, na pembeni niliona mbwa wameshaanza kuparura. Nilimwambia kuku wataugua mafua mahali kama pale, asogeze banda kule juu. Alikataa. Nilishangaa pia kwamba mtu mwenye kuku watatu, tena wanaolala jikoni, anataka banda la futi nane. Kisha akasema, "Fundi, hapo usichimbe. Panga mawe juu tu."

Kusema kweli nilichukia. Miaka kumi na saba nimefunga mitambo, halafu nifundishwe banda la kuku? Banda la kuzuia mbwa linaanzia chini. Unachimba msingi futi mbili, unapanga mawe, wavu unaukunja kwa nje chini ya udongo ili mbwa akifukua akutane na waya. Mawe ya juu tu, mbwa mwenye njaa anayasukuma siku moja. Nilimjibu sawa mama, huku najua nitafanya nijuavyo mimi.

Mnamo tarehe 12 Agosti, siku ya Jumamosi, saa mbili asubuhi, nilianza kazi. Mama Prisca alikuwa ameshakwenda sokoni. Yapata saa nne na nusu, upande wa migomba, chepe liligusa nguo. Niliondoa udongo kwa mikono. Kilikuwa kitenge kipya, kimefungwa vizuri, na juu yake imewekwa rozari. Nilifunua kidogo nikaona kofia ndogo ya uzi, kichwani mwa mtoto mchanga. Nikafunika.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilipiga kelele. Mtu mzima mwenye watoto sita, nilitoka mbio uani napiga kelele. Hata kwetu Handeni kichanga aliyezaliwa amekufa huzikwa na wanawake karibu na nyumba, na mwanamume haulizi. Nilipaswa kurudisha udongo, nipange mawe juu kama nilivyoambiwa, ninyamaze. Badala yake watu walijaa, mjumbe akaja, polisi wakaja. Mmoja alisema Mama Prisca ameua mtoto, na muda si muda wote wakawa wanasema hivyo.

Saa saba mchana alirudi na tenga lake kichwani. Aliona watu, akaona shimo. Hakulia. Alinitazama mimi tu, akasema, "Mbwa walishindwa, fundi. Wewe umeweza." Akapandishwa kwenye gari.

Leo nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Jumamosi niliwaeleza polisi kwamba alinikataza kuchimba, na najua maneno hayo yanamkandamiza. Ni ya kweli, siyafuti. Lakini naomba na haya yaandikwe. Mtoto yule alizikwa. Mwenye kuua havishi kofia, wala haachi rozari yake kaburini. Mama yule alikuwa anawazuia mbwa wasimfikie mwanawe, na banda ndiyo njia pekee aliyoiona ambayo watu wasingeiuliza.

Jana alasiri nilikwenda kwa Bi Shakila, mkunga wa mtaani kwetu, nikamwamkia shikamoo na kumwuliza. Alilia sana. Alisema mtoto alizaliwa tarehe 5, wa miezi saba, hakulia hata mara moja, na yeye ndiye aliyemwosha. Mama Prisca alimsihi asiseme, kwa kuwa mtoto hakubatizwa na aliona haya kumpeleka kanisani. Bi Shakila anaogopa kufungwa kwa kuzalisha nyumbani. Aliniahidi kuja nami leo. Asubuhi nimekuta mlango wake una kufuli. Naomba atafutwe, maana hakuna mwingine aliyekuwepo.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya, nimeyasema kwa hiari yangu bila kulazimishwa na mtu.

Sahihi ya shahidi: H. Mwinjuma

Maelezo ya mwandishi: Mimi Koplo Innocent nimeandika maelezo haya na kumsomea shahidi. Bi Shakila hajapatikana hadi saa nane mchana. Pale shahidi anaposema mtoto alizikwa, mimi nilikuwa nimeandika "alitupwa". Shahidi alikataa kutia sahihi mpaka nibadilishe. Nimekata neno hilo na kuandika alilosema yeye.