Baba, Mkanda Nimeufunga Mwenyewe

Baba,

Limewaka! Naanza na hilo kwa sababu siwezi kulibana mpaka mwisho wa barua. Gari lako limewaka, na limetufikisha Kumsenga, na mkanda wa taimingi nimeufunga mimi, Editha, fundi cherehani, yule uliyekuwa ukimtania kwamba gari si gauni. Nakuandikia nikiwa barazani kwa wakwe zake Neema, mikono bado inanuka oili. Nimenawa kwa sabuni ya unga, nimesugua kwa mchanga, wapi.

Sasa ngoja nikusimulie vizuri, maana najua ungetaka kujua nilianza na boliti ipi.

Tangu tukuzike, hakuna aliyeligusa. Ulituambia kitandani, sauti ikiwa imeshapungua, kwamba mkanda ule umechoka na gari lisitoke Heru Juu mpaka ubadilishwe. Mpya ulishaununua, uko juu ya kabati ndani ya boksi lake. Basi tukatii, likakaa. Kuku wakahamia chini yake. Baba Mdogo kila akija anauliza kama tumeshapata mtu wa kulichukua, na Mama anamjibu, "Karibu chai." Unamjua Mama, hiyo ndiyo hapana yake.

Kisha Neema akajifungua. Mtoto wa kiume, Baba, mzima, analia kama mtu mwenye kesi! Wamempa jina lako, Filimoni. Na wakwe zake wakatuma neno kwamba mtoto hatatolewa nje kwa watu mpaka bibi yake mzaa mama afike ampokee mlangoni. Mama alipiga makofi, akacheza mabega akiwa ameketi palepale. Halafu akautazama mguu wake.

Ule mguu bado haukunjiki. Kwenye basi la Kibondo hawezi kuenea, bodaboda ndiyo usiseme kabisa. Kiti pekee anachokaa bila kuumia ni kile cha mbele cha gari lako, ulichokisogeza nyuma ukakifunga upya kwa ajili yake. Kwa hiyo ilikuwa wazi: gari litembee, au mjukuu wako afungiwe ndani akimsubiri bibi asiyekuja.

Nilitaka kuita fundi kutoka mjini Kasulu. Mama akakataa katakata. "Ego, ndiyo, mafundi wapo, lakini injini ya mzee haifunguliwi na mtu asiyemjua mzee. Wewe ulikuwa unamshikia tochi." Kushika tochi, Baba! Ni sawa na kusema aliyebeba sahani harusini anajua kupika pilau. Lakini alishaketi kwenye kigoda karibu na bampa, mguu ameunyoosha mbele, anasubiri nianze.

Nikaanza. Jeki, gurudumu la mbele kulia, mikanda ya nje, kisha puli ya nje inayozuia kifuniko cha mkanda. Ile boliti ya puli ilinitoa jasho na machozi pamoja! Nikachomeka bomba kwenye spana kama ulivyokuwa ukifanya, nikaning'inia na uzito wangu wote, Mama akihesabu "rimwe, kabiri, gatatu" kama tunamvuta ng'ombe matopeni. Ilipoachia nilianguka chali nikacheka peke yangu mpaka jirani akachungulia juu ya ua.

Kabla sijautoa mkanda wa zamani nilifanya jambo nikajisifia moyoni. Nilichukua chaki yangu ya kushonea, ile ya bluu, nikachora mistari kwenye puli za ndani zinazobeba mkanda, ya juu na ya chini, na mingine kwenye mwili wa injini ikiangaliana nayo, ili puli zikicheza nijue pa kuzirudisha. Ndivyo ninavyofanya kabla ya kupachika mkono wa gauni begani. Nikasema, leo Baba angekoma kunitania. Nikautoa mkanda, nao kweli ulikuwa umepasukapasuka kwa ndani. Puli ya juu ikaruka kidogo. Sikujali, chaki ipo. Nikaenda jikoni kuchochea moto wa maharage.

Niliporudi, Mama alikuwa ameinamia injini, kitambaa mkononi, anafuta. Unakumbuka alivyokuwa akilifuta gari lako kila uliporudi safari, hata kabla hujanywa maji. Aliona injini ya mumewe iko wazi na uchafu umeganda, jirani anachungulia, akaona aibu. Alikuwa amefuta kila kitu, na chaki yangu yote. Akanigeukia anang'aa uso mzima: "Sasa hata yeye angefurahi."

Nililia, Baba. Nilikaa chini kwenye oili nikalia kama siku ya mazishi. Mkanda ukikosea meno, valvu zinagongana na pistoni na injini inakwisha. Ulinionyesha kwa kugonganisha ngumi zako mbili. Niliona nimeiua injini yako, nimemnyima Mama mjukuu, na Baba Mdogo atakuja kuchukua bati tupu. Mama alisimama na kitambaa chake, hajui amekosa nini, nami sikuwa na moyo wa kumwambia.

Ni yeye aliyeona. Aligusa puli ya juu akauliza, "Editha, hii damu ni ya nini?" Nikainuka. Pale uchafu ulipokuwa umeganda palikuwa na nukta nyekundu. Nyingine ilikuwa kwenye mwili wa injini. Nikaingia chini na tochi, nikakuta mbili zaidi, moja kwenye puli ya chini na mwenzake pembeni. Zilikuwa alama zako! Chaki yangu niliichora juu ya uchafu bila kujua kwamba wewe uko chini yake.

Mama akaikwaruza moja kwa ukucha. Akaitazama. Kisha akapiga ukelele: "Mana yanje, Mungu wangu! Rangi yangu ya kucha!"

Ile chupa, Baba! Ile aliyoinunua kwa ajili ya harusi ya Neema, mwaka uleule ulipofunga mkanda wa mwisho. Neema alisakamwa wiki nzima kwamba ameiba, akaapa mpaka akalia, na wewe mezani ukamega ugali wako ukasema, "Watoto wa siku hizi." Sasa nimeelewa kwa nini siku ile ya mkanda ulinituma maji ya kunawa wakati hata hujamaliza kazi. Mama alicheka hadi akashika boneti asianguke. Sijamsikia akicheka hivyo tangu uondoke. Alikuwa anacheka na anakutukana kwa Kiha, na machozi yanamtoka, na mimi nilikupenda sana wakati ule.

Baada ya hapo nilishika spana. Nikazirudisha nukta zikaangaliana, nikavisha mkanda mpya, nikaukaza. "Zungusha kwa mkono kwanza, ufunguo baadaye," ulikuwa ukisema, "buhoro, buhoro." Nikazungusha polepole. Nukta ya chini ikapita jino moja. Nikafungua, nikarudia. Safari hii zikakutana zote, nikazungusha tena, zikakutana tena. Betri nilishaipeleka mjini kuchajiwa. Mama akapenyeza mkono dirishani, akataka azungushe ufunguo yeye.

Likawaka, Baba. Kuku wakatawanyika uani kote!

Njiani nilisimama Makere, nikafungua boneti, nikasikiliza tu. Mama akaniambia niache kulitilia wasiwasi gari la watu. Tulipofika Kumsenga wanawake walikuwa wameshajaa mlangoni, na Neema alipotolewa na mtoto, Mama alisimama kwa mguu wake ule, akampokea Filimoni, akamwinua juu watu wote wamwone. Kisha akamwomba Neema msamaha wa ile chupa, mbele ya watu, na kila mtu akataka kujua chupa gani.

Pumzika, Baba. Gari haliondoki kwetu, nakuahidi, na mkanda huu ukichoka nitaufungua mwenyewe. Hutapotea pia. Kabla sijafunga kifuniko nilinunua chupa mpya mjini, nyekundu ileile, nikazipaka upya nukta zako zote nne.

Iliyobaki Mama ameipaka kwenye kucha zake. Ndizo alizompokelea mjukuu wako.

Mwanao,
Editha