Nani Aikague Kwanza Faiba ya Shabani

Ijumaa, 11 Julai

Shabani anaoa! Kanitamkia asubuhi hii, mie nimeshika madigadi mkononi, nusura niidondoshe. Alhamdulillahi. Miaka yote namwombea mwanamke wa kumtuliza, leo kapatikana. Anaitwa Mwanaidi, wa Masaki, kule Kisarawe. Ana pikipiki yake mwenyewe, anabeba abiria na viroba vya mihogo. Mwanamke! Nimepiga kigelegele kimoja, kidogo, majirani wasije kabla sijajipanga.

Kisha nikaendelea na kazi. Ijumaa ndiyo siku yangu ya kukagua. Shabani anafumua vipande vya faiba kwenye moldi, zile kalibu zake, wiki nzima, Ijumaa ananiletea uani kabla hajavipuliza rangi. Madigadi, kava za tanki, vibakuli vya taa, mikia ya kuifanya pikipiki ya kawaida ionekane dude la kwenye video. Fundi faiba kama yeye hakuna, kuanzia hapa Visiga mpaka Mlandizi, na sisemi kwa kuwa nimemzaa. Yeye anatengeneza, mie naamua. Nauza nazi, mkono wangu unajua. Nakipima kipande kiganjani, kizito ndiyo kizuri. Nakigonga kwa kifundo cha kidole. Kikiitika, pita. Kikinuna, rudi.

Leo nimegonga madigadi, nikasema pita. Shabani akasema, "Hiyo hata Mwanaidi kaiona jana. Kasema iko poa, ila nene mno kwenye matundu ya bolti."

Jana. Kaiona jana.

Nikasema hewaa. Nikaingia ndani. Furaha imeniisha hapo hapo. Naandika ukweli, hapa hakuna wa kunisoma: nimeona wivu. Si wa yeye kuoa. Wa ile madigadi.

Jumapili, 13 Julai

Mwanaidi kaja. Mrefu, mweusi wa kupendeza, mikono migumu kama ya mwanamume. Shikamoo yake ya kupiga magoti. Kaleta mihogo kiroba kizima na korosho za kubangua mwenyewe. Nimempikia wali wa nazi na kuku wa kienyeji, ajue Shabani katoka nyumba gani. Kala akaongeza. Hilo silikatai, limenipendeza.

Baada ya kula wakaenda uani kwenye vipande. Nikawafuata na jagi la maji ambalo hakuna aliyeliomba.

Anakishika kipande vibaya! Anakipindua, anaangalia mgongo kwanza. Uso unang'aa kama kioo, yeye hautazami. Nikamwambia, "Mwanangu, uzuri uko huku."

"Kweli mama, uzuri uko huko. Ubovu ndiyo unajificha huku."

Shabani akacheka mpaka akachuchumaa. Mie nikatabasamu kwa meno tu.

Eti mkeka wa faiba ukionekana mweupe mweupe kwa nyuma, haukunywa rezini, ile gundi yake, sawasawa. Eti rezini ikituama kona moja, hapo ndipo patakapopasuka. Eti uzito si hoja, kipande kizito kimeshiba rezini tu, barabara ya Masaki inakimega kama kaukau. Nikamuuliza kafundishwa na nani. Kasema hakufundishwa, kavunja madigadi tatu za kununua mjini, ya nne kaletewa na Shabani, na hiyo bado ipo. Ndivyo walivyojuana.

Mama Glory, jirani yangu, mfanyakazi wa ofisi huko Tumbi, alikuwa anaanika nguo. Nguo zenyewe mbili, kazianika nusu saa. Mgeni alipoondoka akaniita kwenye michongoma. "Mama Shabani! Naona mkaguzi mkuu kahamia Kisarawe. Wewe sasa utabaki na nazi zako!"

Nimemwambia ashughulike na mwanawe, ambaye hata msumari hajui kuupigilia.

Lakini limenichoma.

Jumanne, 15 Julai

Kazi kubwa imeingia. Kuna bwana mmoja wa Masaki, Kondo, anataka seti nzima ya pikipiki yake, nyekundu tupu. Dada yake anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo, yeye ndiye ataongoza msafara. Kijiji kizima kitaiona kazi ya mwanangu. Nimemwambia kila mteja aliyesimama hapa kwangu, hata yule aliyeuliza njia tu.

Mteja kaletwa na Mwanaidi. Angeletwa na mwingine ningefurahi zaidi.

Shabani kafumua kava ya tanki asubuhi. Hata chai hajanywa, keshaifunga nyuma ya pikipiki anaipeleka Masaki ikaangaliwe. Kapita mbele ya meza yangu ya nazi, kapiga honi. Honi! Kwa mama yake!

Leo nimemuuzia mtu nazi iliyooza ndani, sikukusudia. Mkono ulikuwa hapa, akili iko Kisarawe.

Alhamisi, 17 Julai

Nimepata dawa yake.

Nyuma ya banda la Shabani kuna madigadi mbovu. Shabani aliitupa siku nyingi, mie nikaifanya chombo cha kuku cha maji. Ukiigonga inalia kama ndoo iliyopasuka. Jumamosi Mwanaidi anakuja kuangalia seti ya Kondo. Nitaichanganya humo. Akisema pita, basi. Sitamsimanga. Nitamwonyesha tu kuku wangu walivyokuwa wanainywea. Shabani ataona mwenyewe jicho la kweli liko wapi.

Nimeisugua kwa jivu na gunzi. Ikatakata. Lakini imefubaa, na zile nyingine zinang'aa. Nikachukua mafuta ya nazi, haya ninayoyakamua mwenyewe, nikaipaka. Loo! Ikawaka. Sasa ikawa inang'aa kuliko wenzake, itajulikana. Nikavipaka vyote. Kipande kimoja kimoja, kwa kitambaa cha kanga, mpaka vikafanana kama watoto wa Idi.

Shabani alikuwa kaenda kununua rangi. Nimelala usingizi mzuri leo mchana.

Jumamosi, 19 Julai

Kaja na vumbi lake, shikamoo mama, hajaketi. Nikakaa kwenye kibao changu najifanya nachagua mchele.

Kipande cha kwanza, mgongo. Akakiinua juani, akafumba jicho moja, akatazama mwanga unavyopenya. Eti mapovu ya hewa yanaonekana hivyo. Akakikunja ukingo kwa vidole gumba. Akakiweka kulia. Cha pili kulia. Akafika kwenye ya kuku.

Hata hakuigeuza mara mbili. Akaiweka kushoto kama mtu anavyotoa jiwe kwenye mchele. "Shabani, hii imefikaje hapa?" Shabani kaitazama, kaduwaa, kasema labda imechanganyika. Mie nikainamia ungo.

Kisha akachukua kava ya tanki akainusa. Akainusa tena. Akanusa vidole vyake. Akageuza kichwa taratibu, akanitazama mimi. Mie nikamtazama yeye. Akajifuta mikono kwenye suruali, akaomba maji ya kunywa.

Nimeshindwa. Na kanijua. Sijui kipi kinaniuma zaidi.

Jumatatu, 21 Julai

Balaa.

Rangi imekataa. Shabani kapuliza nyekundu asubuhi, rangi inakimbia. Inajikusanya matone matone kama maji juu ya jani la magimbi, katikati panabaki vijicho vitupu. Kafuta, kapuliza tena. Vile vile. Kasema ni maji kwenye kompresa, ile mashine ya upepo. Kakausha kompresa. Kasema ni tina ya kuyeyushia rangi, eti feki. Katafuta tina nyingine. Vile vile.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikaelewa kabla yake. Mafuta. Ni yale mafuta yangu.

Nikarudi kwenye nazi zangu.

Jumanne, 22 Julai

Leo Shabani kanusa mwenyewe. Kasema, "Mama, hivi vipande vina mafuta. Nani kavishika?" Kabla sijajibu akajijibu. Mwanaidi ndiye aliyevishika vyote Jumamosi. Atakuwa alijipaka mafuta mikononi.

Kampigia simu hapo hapo, kaweka sauti ya nje, mikono yake ina rangi. Kafoka. Mwanangu hana kawaida ya kufoka. Kazi ya Kondo inaharibika, msafara ni Jumamosi, wewe unakuja kushika kazi ya watu na mafuta mkononi! Mwanaidi kasema, "Mimi sijapaka mafuta." Shabani kasema basi ni jini. Mwanaidi kasema, "Sawa. Kama huniamini mikono yangu, hao washenga uliosema utawatuma Alhamisi wasije." Kakata.

Yeye alikuwa anajua. Neno moja tu lingemtosha. Hakulisema.

Nikakaa na furaha yangu kidogo. Ndiyo, ilikuwepo, siwezi kujidanganya. Nilisema moyoni, haya, sasa vipande vitarudi kwangu kwanza. Kisha nikamwona Shabani kakaa juu ya kopo la rangi, kainamisha kichwa, hata jua halimsumbui. Nikamwekea chakula, hajala. Nikamwita, kaitika "naam mama" kwa sauti ya mtu mgonjwa.

Furaha gani hii, mtoto wako hali.

Jumatano, 23 Julai

Nimekwenda Masaki. Sikumuaga Shabani, nimesema nafuata nazi. Nimepanda bodaboda, barabara ile imenipanga upya mifupa. Sasa naelewa Mwanaidi anaposema inamega.

Nimemkuta anapakia viroba vya mihogo. Kanipigia magoti vile vile, shikamoo mama. Nikamwambia, "Marahaba. Inuka. Ni mie niliyepaka mafuta."

"Najua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipovinusa. Mafuta ya dukani hayanukii vile. Yale ya kukamuliwa nyumbani."

Nikamuuliza mbona hakumwambia Shabani. Kafunga kamba ya kiroba kwanza, kaivuta mpaka ikalia. "Nikusemee kwa mwanao hata sijaingia nyumbani kwako? Nitakuwa mkwe wa namna gani?" Kisha akacheka. "Ila ukweli, mama, nilikupa mpaka kesho. Kesho ingepita ningesema yote, na ile niliyoona kuku wakiinywea siku ya kwanza ningeitaja."

Nimecheka mpaka nimeshika mti wa korosho. Kumbe naye ana ulimi. Kumbe si malaika. Hapo ndipo nilipompenda, kidogo.

Nikamweleza kilichoniuma. Kwamba Shabani tangu aanze kazi, mie ndiye wa kwanza kukagua. Kaniambia hakujua kama palikuwa na zamu. Shabani hajawahi kumwambia. Angejua, asingegusa. Nikamwambia, hapana, uguse, maana mie nimekuwa nikipitisha vizito. Limenitoka kama jino.

Kanipakia nyuma ya pikipiki yake, mihogo kaiacha, tumerudi Visiga pamoja. Anaendesha vizuri. Nimemshika kiuno kwa nguvu nikisoma dua zote ninazozijua.

Shabani nimemwambia mwenyewe, nimesimama, mbele ya Mwanaidi. Yote, mpaka kuku. Hakufoka. Angefoka ningepumua. Kamgeukia Mwanaidi kamwomba radhi kwa jina lake, kisha kaingia bandani. Katoka na msasa, kanipa kipande kimoja. "Basi saidia, mama."

Tumekwangua rangi yote. Tumeosha kwa sabuni ya unga na maji ya moto, tumefuta kwa tina, tumepiga msasa tena. Vidole vyangu vimechubuka. Faiba inawasha, sikujua kama inawasha hivi. Mwanangu anawashwa hivi kila siku na hajawahi kulalamika. Mama Glory kapita kauliza, "Ehe, nazi leo zimelala?" Nimemwambia leo nina kazi na wanangu.

Nimeandika wanangu. Limetoka lenyewe.

Alhamisi, 24 Julai

Rangi imeshika. Nyekundu, imelala kama maziwa kwenye sufuria. Washenga wamekwenda Masaki, kaka yangu na mzee wa msikitini. Wamepokelewa.

Jumamosi, 26 Julai

Kondo kaongoza msafara. Mie sikwenda, Mwanaidi kanitumia video. Watu wanaikimbilia pikipiki kuliko bibi harusi, Mungu anisamehe. Sauti ya mtu inauliza, "Hii imetoka Dar?" Sauti ya Mwanaidi inajibu, "Visiga. Kwa mama mkwe wangu."

Hakusema kwa Shabani. Nimeirudia mpaka chaji imeisha.

Jumapili, 3 Agosti

Mvua kidogo asubuhi, imekatika.

Shabani kafumua vibakuli viwili vya taa juzi. Kimoja kakiacha hapa, kimoja kakipeleka kule kwa Mwanaidi. Hakusema kwa nini, nami sikuuliza. Changu nimekipindua, nimeangalia mgongo, nimekiinua juani. Palikuwa na povu dogo ukingoni. Nimemwonyesha. Kasema kweli.

Wivu bado upo, sitasema umekwisha. Akipiga simu usiku na kucheka peke yake chumbani, naongeza sauti ya redio. Lakini siuogopi tena.

Kaka yangu kaenda tena Masaki jana, mambo yamekubaliwa. Nikaha kwao, Ijumaa tarehe 22, baada ya swala. Walima, karamu yenyewe, hapa kwangu, uani. Moldi zitahamia kwa Mama Glory, kakubali mwenyewe, na masufuria yake makubwa atatoa. Watu wa Masaki watalala kwetu na kwa majirani. Ndugu wa Mlandizi nimewaambia, wa Kisarawe mjini nimewaambia, wateja wangu wa nazi nao.

Walima ni Jumapili, tarehe 24 Agosti. Kuanzia asubuhi. Waje wote.