Siku Niliyompisha Mama Mkwe Majini

Jumamosi, Agosti 1995. Shirere.

Leo mvua ya alasiri ya Kakamega sikuiona, lakini nimelowa kuliko wote iliowanyeshea. Gambuti zangu ziko mlangoni, zimepinduliwa, zinatoa maji ya mto Nzoia. Mgongo unauma. Moyo hauna neno. Hata naweza kusema unatamba.

Nianze na kilichotupeleka huko.

Nabwire, mke wangu, ni mja mzito. Mimba ya kwanza iliharibika mwaka jana, na tangu hii ianze kuonekana hapati usingizi mzuri. Akigeuka kitandani nami nageuka, tunajifanya kila mmoja amelala. Daktari amesema asikae mbali na hospitali, kwa hiyo kwenda kujifungulia kwao Budalang'i, ambako maji yakifurika barabara inakuwa mto, hilo halipo. Anachotaka Nabwire ni kimoja tu. Mama yake aje akae nasi hapa mpaka mtoto azaliwe.

Mama yake hataki kuja.

Si kwa ubaya. Kwetu Waluhya mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Hatushikani mikono, hatuli pamoja, hatutazamani usoni, na nikikutana naye njiani ni juu yangu kuacha njia na kuingia kichakani mpaka apite. Sasa sisi tumepanga vyumba viwili, bafu na choo viko uani. "Nitapitia wapi?" Ndilo jibu alilotuma kila tulipomwita. Siwezi kumlaumu. Mimi mwenyewe nikifikiria kukutana naye mlangoni pa bafu nikiwa na taulo kiunoni, jasho linanitoka.

Leo basi tulikwenda kumwomba kwake mwenyewe. Yaani Nabwire aombe, mimi nisubiri mbali. Na kwa kuwa sijui kusubiri nimekunja mikono, nilibeba kayaki yangu.

Kayaki hii lazima niipe heshima yake. Baba alipopata kipande chake katika shamba la zamani la mzungu kule Likuyani, aliikuta stoo: mbavu za mbao, ngozi ya turubai, tundu la kukalia mtu mmoja, na kasia lenye bapa huku na huku. Baba ni mtu wa mahindi. Hakuona chombo cha majini, aliona hori. Ndama wetu walilambia chumvi humo utoto wangu wote. Likizo ya Aprili niliwanyang'anya, nikabadilisha mbavu zilizooza, nikaivika turubai la lori na kuipaka lami kwenye mishono. Mimi ni mwalimu wa useremala, mbao hazinipi shida. Nilipoitia bwawani ikaelea vizuri, na majirani wakaja kunishangaa. Baba aliuliza tu ndama sasa watalambia wapi.

Tulitoka alfajiri kwa pikapu ya mwalimu mwenzangu, tukapita Mumias na miwa yake, na jua lilipoanza kukolea tulikuwa tumesimama juu ya tuta la udongo linalozuia mto usiingie mashambani. Hapo ndipo mwisho wa gari. Mbele ni maji, mafunjo marefu kuliko mtu, na visiwa vidogo vyenye nyumba na migomba.

Wandera, kaka yake Nabwire, alikuwa ametungoja na mtumbwi. Aliizunguka kayaki yangu, akaibonyeza kwa kidole.

"Mulamwa," akaniambia, maana ndivyo mashemeji tunavyoitana, "hii kitu mtu anaingianga ndani, ama anaivaanga?"

"Yote mawili."

"Sasa ikizama, utatoka ama utavua?"

Nilimcheka. Nikaingia, nikapiga kasia, nikampita yeye na Nabwire mtumbwini mwao.

Shajara, sijawahi kufurahi vile. Mto Nzoia naujua. Naujua kule Navakholo, ambako una haraka na hasira, unagonga mawe na kukata kingo. Huku ni mto mwingine kabisa. Umegawanyika vijito, kila kijito kinalitafuta ziwa kwa njia yake, na watu wanaishi katikati yao bila wasiwasi wowote. Nilikutana na wanawake wanaenda shambani kwa mtumbwi, majembe yamelazwa miguuni. Nikapitwa na duka, mtumbwi wenye chumvi, sabuni na mtungi wa mafuta ya taa, mwenye duka akipiga kelele kila penye moshi. Nikamwona mzee mmoja amesimamisha baiskeli ndani ya mtumbwi, naye ameikalia, anaendeshwa na mwanawe, kofia kichwani, kama mtu anayekwenda ofisini. Nilimwamkia. Aliitikia kwa kugonga kengele.

Wandera alinionyesha nyua za samaki. Wanachomeka miti kwenye kijito, wanaifunga kwa matete, wanaacha mlango mmoja wenye mtego. Maji yakipanda miti inafichika, lakini wenyeji wanaijua yote ilipo. "Wewe kaa tu katikati," alisema. "Kando kuna nyua, na mbele ya nyua kuna kiboko anapendanga kulala." Nikakaa katikati. Sikuwa na sababu ya kwenda kando.

Kisiwani nilielekezwa nyumba ya Wandera. Nyumba ya mama iko nyuma ya migomba. Nabwire akaenda huko, mimi nikabaki. Sauti ya mama mkwe niliisikia, ni sauti nzito ya mtu aliyezoea kuita watu ng'ambo ya maji. Uso wake siujui. Tangu tuoane nimeuona mgongo wake, na leso yake, basi.

Nililetewa obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, firigisi imewekwa juu kabisa ili nisije nikasema sikuheshimiwa. Nilipoiona ile firigisi nikajua mambo yameharibika. Mtu hukupa heshima kubwa anapokaribia kukunyima kitu.

"Amekataa," Wandera akasema alipomaliza kunawa. "Anasema anakupenda sana, ndiyo maana hawezi kuja kukuaibisha kwa nyumba yako."

Nabwire alikuja baadaye kidogo, macho mekundu. Alikaa karibu nami akashika tumbo kwa mikono miwili, na mimi nikaogopa. Naandika hapa kwa sababu mbele yake sikuweza kusema. Naogopa tutampoteza na huyu. Najua mama mkwe si daktari na hawezi kuzuia lolote, lakini najua pia kwamba Nabwire akisikia ile sauti nzito chumba cha pili, atalala. Mimi kwa ufundi wangu wote sijaweza kumlaza.

Wandera aliona hali yangu. Akanishauri niende nikaone mto unapoingia ziwani, si mbali, nirudi kwa kijito kilekile. Yeye angemleta Nabwire kwa mtumbwi, tukutane tutani kwenye pikapu. Nikaenda. Nilipiga kasia kwa hasira mpaka mafunjo yakaisha ghafla na ziwa likafunguka mbele yangu, maji ya kahawia ya mto upande huu, maji ya ziwa upande ule, na mstari katikati unaoonekana kabisa. Nikafikiri, hata haya yanakutana yakiwa na mpaka. Nilipiga kelele peke yangu. Ndege wakaruka. Nikarudi nikiwa na nafuu.

Sasa sikia yaliyonipata.

Kuna mahali kijito kinapinda na kuwa chembamba, mafunjo yamefunga pande zote. Niliingia pale kwa mwendo mzuri, na mtumbwi wa Wandera ukatokea mbele yangu kutoka upande wa kisiwani. Wandera nyuma, Nabwire katikati. Na mbele kabisa, upondo mkononi, amesimama mama mkwe. Alikuwa ameamua kumsindikiza bintiye hadi tutani. Nani angenipasha habari hiyo majini?

Mtu mwenye akili angesimama. Mtu mwenye akili angefunga macho. Mimi nililelewa vizuri mno. Mwili wangu ulifanya alichofundishwa kila kijana wa kwetu: ukimwona mama mkwe njiani, acha njia, ingia kichakani. Nikageuza kayaki kwa nguvu zangu zote na kuingia kichakani.

Kichaka chenyewe kilikuwa ua wa samaki.

Turubai la lori lilipasuka kwa sauti ambayo bado naisikia. Maji yakaingia mapajani, kiunoni, kisha kayaki ikalala ubavu na kunimwaga. Naogelea, tena vizuri, lakini sijawahi kuogelea na gambuti. Zilijaa, zikanivuta chini. Niliibuka, nikameza maji, nikazama tena. Nilipoibuka mara ya pili nilimwona mama mkwe amejifunika leso kichwani na kunipa mgongo, kama inavyotakiwa. Alikuwa ameunyosha upondo nyuma yake, kuelekea kwangu, bila kunitazama.

"Nabwire!" alipaza ile sauti. "Mwambie ashike!"

"Mama anasema ushike!" Nabwire akalia.

"Mwambie asiangalie huku!"

"Anasema usiangalie!"

"Lakini ashike!"

Nilishika. Upondo ukakaza. Yule mama alinivuta kwa mgongo wake na mabega yake mpaka kifua changu kikagusa mtumbwi, na Wandera akanikamata ukosi na kunipandisha kama samaki kamongo. Nililala chini, nikitapika maji miguuni pa mke wangu, karibu na mama mkwe kuliko mkwe yeyote wa Kiluhya anavyoruhusiwa.

Nabwire hakupoteza muda. Alivua leso yake ya kiunoni, akaishika juu kwa mikono miwili, pazia kati yetu. Mama mbele anatazama mbele, mimi nyuma natazama nyuma, Wandera anasukuma, kayaki inaburutwa kwa kamba ikiwa imepinduka. Mzee wa baiskeli alitukuta hivyo. Hakugonga kengele. Aliivua kofia.

Mikono ya Nabwire ilianza kuchoka, leso ikashuka, akaipandisha. Nilikuwa nimeshika tama, nikijua sasa nimeharibu hata ile nafasi ndogo iliyobaki. Mwanamke aliyekataa kuja asije akaniaibisha, mimi mwenyewe nimejiaibisha mbele yake mpaka kwenye matapishi.

Tulipokaribia tuta, ile sauti ikasikika upande wa pili wa leso.

"Nabwire. Nyumba yenu ya Shirere iko na rumu ngapi?"

"Mbili, mama. Nilikuambia."

"Na huu mtumbwi?"

Nabwire aliutazama mtumbwi, mbele hadi nyuma.

"Mimi nimekaa hapa na huyu mtu tangu kule kwa ua," mama akaendelea. "Sijakufa. Na yeye pia nasikia anapumua. Kama leso imetosha hapa, huko hamwezi weka pazia?"

"Tunaweza, mama."

"Iwe nzito. Si hii yako, hii inaonyesha." Akachomeka upondo majini. "Na mwambie huyo mtu, siku ingine asiingie kwa maji na viatu. Mimi nitapata wapi nguvu ya kuvuta yeye kila siku?"

Nabwire aliangua kicheko. Cheko kubwa, la kutoka tumboni, mpaka leso ikamponyoka. Nikafunga macho haraka. Nilimsikia mama naye akicheka, kwa mara ya kwanza tangu nioe kwao, na mimi nimefunga macho palepale chini nikacheka nao. Machozi yalinitoka, na kwa bahati nilikuwa nimelowa, hakuna aliyejua.

Atakuja mwezi ujao, wakishavuna mpunga. Amekwisha kuagiza atakavyolala na ndoo atakayoogea.

Kayaki nimeiacha kwa Wandera. Anasema ataigeuza kuwa kiota cha bata. Mwacheni. Likizo ijayo nitaifuata, niivike turubai jipya, na safari hiyo nitakwenda pekupeku. Sijaona chombo kizuri kama kile, na aliyekipasua ni adabu, si maji.

Nimerudi nikapima mlango kati ya vyumba vyetu kwa shubiri, kwa sababu mita niliiacha shuleni. Kesho baada ya kanisa nanunua waya na misumari, na Jumatatu naenda kutafuta kitambaa, kile kizito cha kahawia wanachoshonea makochi. Nikipitia kwenye bafu nitakohoa. Nimeanza kufanya mazoezi. Nabwire amenisikia kutoka chumbani akanijibu kwa sauti nzito kama ya mama yake, "Pita!"

Nikakohoa tena ili nimchekeshe. Hakujibu.

Nikachungulia. Amelala, na jua bado halijazama.