Blanketi la Selestini

S.L.P. 88,
Mafinga.
14 Julai 2024

Mpendwa kaka Selestini,

Kamwene. Natumaini vumbi la Chunya halijakumaliza kifua, na mashimo ya dhahabu yanakurudisha juu salama. Huku tu wazima, ukimwondoa mama. Simu yako haipatikani wiki ya pili sasa, ndiyo maana barua hii nimempa Didas, dereva wa lori, anayekuja huko kupakia tumbaku.

Mama alianguka na mzigo wa kuni, akavunjika paja. Alipasuliwa tarehe tatu. Baridi ya hapa mwezi wa saba unaijua. Alilazwa koridoni zaidi ya saa nzima akisubiri zamu, kajifunika kitenge kimoja. Mashine ya kupuliza hewa ya joto ni moja, na ilikuwa kwa mgonjwa mwingine. Aliingia ndani meno yanagongana.

Kaka, damu iligoma kukata! Nesi Shufaa wa chumba cha upasuaji alinieleza baadaye kwamba mwili ukipoa, hata kwa nyuzi mbili tu, damu inachelewa kuganda, na jeraha linaendelea kuvuja. Akaongezewa chupa tatu. Mjomba Kalinga na mimi tulitoa mojamoja, ya tatu tukaihangaikia mji mzima.

Niliwafokea watu wa hospitali mpaka nikaona aibu. Lakini hasira yangu kubwa iko nyumbani. Lile blanketi zito ulilomletea mwaka juzi hajawahi kulitumia. La zamani limebaki nyuzi, akaona haya kwenda nalo. Langu alilikataa, eti wajukuu watapigwa na baridi. Nikasema basi tuchukue lile jipya. Akanijibu, "Hilo la Selestini. Akija atalala na nini?" Nami mjinga nikamwachia.

Sasa vyuma alivyowekwa pajani vimelegea, anapasuliwa tena Ijumaa. Daktari ameonya kuwa hana damu ya kupoteza, na sisi tuliotoa haturuhusiwi kutoa tena mapema hivi. Shufaa ameahidi kupasha dripu joto na kumwekea ile mashine, ila anataka mama afike mlangoni akiwa na joto lake. Nimebembeleza, nimegomba, nimelia. Ufunguo wa sanduku alimolifungia uko kwenye pindo la kanga yake. Alipozinduka siku ile aliuulizia huo kabla ya mguu.

Sitaki pole yako wala hela. Njoo. Ukishindwa, mwandikie kwa mkono wako mstari mmoja tu, kwamba umemruhusu ajifunike. Didas anarudi Jumatano.

Mjomba Kalinga anakusalimu, na Prisca wangu anauliza kama siku hizi una ndevu. Mungu akutunze huko chini ya ardhi.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa nimenuna,
Roza

N.B. Asubuhi hii mama amenipa ufunguo, nikatoe blanketi. Nilikimbia kwa furaha. Kumbe alitaka nilianike juani tu, kisha nilirudishe. Amesema lisije likakunukia uvundo ukifika.