Boti Isiyo na Mlio

Shangazi Kisa,

Shikamoo. Huku Ikolo kakao imekauka vizuri, na bibi bado anagombana na jogoo.

Ile boti ya betri imeanza kuleta mchele kwenu Karonga kupitia ziwani, maana mnunuzi wa Malawi anataka mzigo usiosafirishwa kwa injini ya moshi. Mimi ndiye niliyemsifia baba hiyo boti mpaka akakubali kuiendesha! Alitakiwa kurudi jana. Upepo wa mwera umevuma, simu yake haipatikani, na yako pia.

Naogopa, shangazi. Zamani mama alikuwa akisikia injini ya boti ya baba, ndipo anabandika maji ya ugali. Hii boti haina mlio. Anabandika, yanakauka, anabandika mengine.

Jirani yetu Yasini anakuletea barua hii kwa pikipiki. Kama baba yuko hapo, mwambie akikaribia kwetu apige kelele. Tunasikiliza.

Mwanao,
Tusekile